Mtoto kwa Maandishi, Shamba kwa Mdomo

Baba aliniita kutoka jikoni kwa ile sauti anayoitoa wakiwepo wageni wa heshima, sauti laini ya mtu anayembembeleza ng'ombe aingie josho. "Mwanangu, njoo na kalamu yako."

Nilidhani ni habari ya jaruba. Sisi tunakaa nje kidogo ya Majimoto, na kila mwaka mvua zikikaribia watu wa huku wanakodishana majaruba ya mpunga. Zamani walikuwa wanamalizana kwa mdomo tu. Mpunga ukishatoa masuke, mwenye shamba anakumbuka alisema msimu mmoja, aliyekodi anakumbuka misimu mitatu, mapanga yanatoka. Mimi nilipomaliza fomu foo nilirudi nyumbani na cheti kisichonipeleka popote na mwandiko ambao hata adui yangu hausemi vibaya, basi nikawa ndiye ninayewaandikia. Shamba liko wapi, limepakana na nani, misimu mingapi, mafuriko yakija itakuwaje, nani kashuhudia. Wananipa wanachojisikia. Mmoja kuku, mwingine vocha, mwingine asante na safari njema. Wananiita mwanasheria wa jikoni kwa sababu karatasi zenyewe naziandikia jikoni, juu ya sinia nimelifudikiza mapajani.

Nina kanuni moja. Naandika lilivyosemwa, siongezi sukari. Nikimaliza nasoma kwa sauti kuanzia juu mpaka chini, na kila upande unaitika "ndiyo" kabla ya kuweka sahihi au dole gumba. Asipoitika mmoja, karatasi naichana hapo hapo. Kanuni hiyo wanaijua mpaka watoto. Utawakuta wanaichezea kwenye vumbi, mmoja anasoma jani, wenzake wanaitika ndiyo.

Nikafuta mikono, nikamfunga binti yangu mgongoni kwa sababu alikuwa amefika umri wa kutambaa kuelekea moto, nikachukua daftari, nikatoka.

Kwenye kivuli cha kihenge walikaa wageni wawili, mzee na mkewe, kutoka upande wa Kibaoni. Niliwafahamu. Ni wazazi wa kijana mwenye pikipiki aliyenipa huyu mtoto, kisha akanipa sababu nyingi. Hatukuoana, na sitaki kumsema sana. Kila mtu ana ujana wake, mimi wangu ulikuwa yeye. Wazazi wake walikuja mara moja mtoto alipozaliwa, wakaleta maziwa na kanga, wakaondoka vizuri. Kijana mwenyewe siku hiyo hakuwepo. "Yuko Mpanda, pikipiki imeharibika," mama yake alisema kabla sijauliza. Pikipiki ile huwa inajua sana siku ya kuharibika.

Nikapiga goti. "Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu."

Mayu kwetu ni mama. Mzee akikuita hivyo na wewe ni mtoto wa juzi, ujue kuna kitu anakitaka.

Nikakaa mkekani, nikafudikiza sinia langu, nikaandika juu kabisa HATI YA MAKUBALIANO, nikapiga mstari kwa ukingo wa kiberiti. "Haya. Jaruba liko wapi?"

Baba akageuka kutazama zizi. Mzee akacheka, kicheko kizuri tu, meno yake yote yapo. "Leo hakuna jaruba, mayu. Ni huyo uliyembeba."

Nieleze kidogo, maana si kila msomaji ametoka kwa watu wa ng'ombe. Sisi ni Wasukuma tuliohamia huku na mifugo, babu zangu wakiswaga makundi kutoka kaskazini mpaka wakaona nyasi za Mpimbwe wakasema basi, tumefika. Kwa mila yetu, binti akizalia nyumbani, mtoto ni wa baba wa binti. Upande wa mwanaume wakimtaka wanaleta ng'ombe, wanamkomboa, anakuwa wa ukoo wao. Habari hiyo nilikuwa naisikia tangu nikiwa mdogo kama unavyosikia habari za watu walioliwa na mamba: kweli zipo, ila ni za wengine. Kitu kipya siku ile kilikuwa karatasi. Mzee alitaka iandikwe, apeleke kwa mtendaji wa kijiji igongwe mhuri, aiweke kwenye sanduku lake la bati. "Siku hizi bila karatasi mtu hana lake," alisema, na baba akatikisa kichwa kukubali kama mtu anayesikiliza mahubiri.

Na kwa kuwa kijijini mwenye mwandiko ni mimi, wakanituma mimi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeona ajabu. Hilo ndilo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nikiwa napepeta mchele, ungo unaenda kasi.

Baba simtetei, lakini nitasema alichokuwa nacho moyoni, maana nakijua. Maksai wetu wawili walikufa kwa ugonjwa kiangazi kile, na bila maksai plau ni chuma cha kufungia mlango. Halafu alikuwa anaamini kwamba binti asiye na mtoto mgongoni huolewa upesi. Kwa hiyo aliona mema mawili kwa mpigo mmoja. Mimi aliona atanieleza baadaye.

Masikio yaliniwaka. Nilitaka kuinuka na sinia lile nilitumie kazi nyingine. Lakini nikasikia mtoto anapumua shingoni kwangu, pumzi ya maziwa, amelala kabisa, hana habari kwamba anajadiliwa. Nikasema moyoni, hapana, leo hawa watakutana na kanuni yangu.

"Sawa," nikasema. "Semeni, niandike."

Baba akashusha pumzi. Maskini, alidhani yameisha.

"Andika," mzee akaanza, amejiegemeza kwenye fimbo, "sisi wa ukoo huu tumekuja kwenye mji huu kuchukua kibuyu chetu kilichoachwa."

"Kibuyu gani, baba?"

"Si ndivyo tunavyosema?"

"Mnasema. Ila mtendaji akisoma kibuyu atakupa kibuyu. Tumwite jina lake. Mtoto."

"Haya, mtoto."

"Wa nani?"

"Wetu."

"Aliyezaliwa na nani?"

Akanitazama kama aliyeulizwa rangi ya maziwa. "Na wewe."

"Vizuri, nimejiandika. Sasa mtoaji ni nani?"

"Baba yako."

"Mpokeaji?"

"Mimi."

"Na mimi niliyemzaa nakaa mstari gani?"

Mzee akafikiri kwa haki kabisa. Alitaka kila mtu apate nafasi. "Wewe shahidi," akasema.

Jikoni sufuria ikatua chini kwa kishindo. Mama yangu alikuwa anasikiliza yote. "Shahidi!" akapaza sauti. "Kweli alikuwepo! Siku ya kujifungua alishuhudia mwenyewe mwanzo mpaka mwisho, mimi nilimwona!"

Mke wa mzee akajifunika mdomo kwa kanga. Sikujua bado kama anacheka au anafanya nini. Nikaandika: shahidi, mama mzazi.

Tukaendelea. Niliuliza maswali yote ninayouliza kwa majaruba, sikuruka hata moja. Atachukuliwa lini? Akiachishwa ziwa. Mama atamwona? Atakuja kusalimia, nani atamkataza. Mara ngapi? Hiyo haiandikwi. Basi naandika kwa hiari ya mpokeaji. Mtoto akiugua, gharama za nani? Zetu. Akilia usiku anamtaka mama yake, itakuwaje?

"Watoto wote wanalia," mzee akasema.

"Kwa hiyo niandike atanyamaza?"

"Andika... acha hiyo."

"Ng'ombe mnaoleta wakifa kabla mtoto hajaondoka?"

"Tutabadilisha."

"Na mtoto akifa mkishamchukua, ng'ombe wanarudi?"

"We binti!" Baba akainuka nusu. "Unaongea maneno gani?"

"Maneno ya mkataba, baba. Kwenye jaruba huwa naandika mafuriko. Hapa nisiandike?"

Akakaa.

Mzee akaanza kuchoka. Fimbo ikawa inachora vumbini. "Mbona maswali ni mengi hivi? Mwanzo wa dunia watu wamekomboa watoto bila maswali."

"Bila karatasi pia," nikasema. "Nyie ndio mmetaka karatasi. Karatasi ndivyo inavyokula."

Nikamfungua mtoto mgongoni maana alikuwa ameamka, nikamweka mkekani. Nikamtazama vizuri ili nimwandike. Kila mtu anayeuza ng'ombe huku anajua lazima karatasi ieleze mnyama: jinsia, rangi, umri, alama yake iko bega gani. Nami nikaeleza. Kisha nikasimama, kama kanuni inavyosema, nikasoma kwa sauti ambayo hata majirani waliokuwa wanatwanga walisimamisha mchi.

"Mtoaji anamkabidhi mpokeaji mtoto mmoja jike, rangi maji ya kunde, meno manne, alama nyeusi bega la kushoto, afya nzuri, ananyonya. Mpokeaji anamkabidhi mtoaji maksai wawili na mtamba mmoja, afya nzuri. Baada ya makabidhiano hakuna upande utakaokuwa na madai juu ya mnyama wala mtoto. Mama mzazi ameshuhudia." Nikashusha daftari. "Upande wa mpokeaji, ndiyo?"

Mtoto alikuwa amefika kwenye fimbo ya mzee, ameikamata, anajaribu kuitia mdomoni na yale meno yake manne tuliyoyaandika.

"Hiyo," mke wa mzee akasema polepole, "hiyo ni karatasi ya mnadani."

"Mama, nimeandika walivyosema."

"Najua umeandika walivyosema! Mimi ndiyo nasema ni ya mnadani. Hata yule dume wetu mwekundu tuliyemuuza mnadani Kasansa aliandikwa hivyo hivyo, alama bega la kushoto." Akamgeukia mumewe. "Itika sasa. Si unaulizwa? Sema ndiyo, tununue mjukuu."

Mzee hakuitika. Alikuwa mtu wa ng'ombe maisha yake yote, karatasi za mnadani amesomewa nyingi, na nadhani alikuwa anaisikia sauti ya ile karatasi kuliko nilivyoisikia mimi niliyeiandika.

Baba akajaribu. "Lakini hii ni mila."

Hapo ndipo nilipofungua mdomo, na nikiufungua huwa siufungi upesi. Nikawaambia shuleni tulikuwa na mwalimu wa somo la biashara, mtu mfupi, mkali, shati lake siku zote lina chaki kwenye kwapa, na huyo ndiye aliyetuambia kwamba si kila makubaliano ni mkataba. Ukikubaliana na mwenzako kuiba kuku, mkaandika, mkagonga mihuri mpaka karatasi ikatoboka, bado hamna mkataba, mna ushahidi. Kitu kikiwa haramu, maandishi hayakitakasi. Yanakianika tu. Mtu habadilishwi na mnyama. Mjomba hawezi, babu hawezi, mtendaji hawezi, na mimi mwenyewe mama mtu siwezi hata nikitaka. "Pelekeni hii kwa mtendaji," nikasema. "Hatatafuta mhuri. Atatafuta simu awapigie polisi."

"Unatutisha?" mzee akauliza.

"Sikutishi, baba. Nakusomea."

Sauti ilinitetemeka mwishoni, na nilichukia ilivyotetemeka. Mtoto akanitazama, akadhani nacheza, akacheka.

Mzee akamwachia fimbo kabisa. Akakaa anamwangalia anavyoiburuta. Aliposema tena hakusema kama mkombozi wa mtu.

"Nilikuwa na mjukuu mwingine," akasema. "Wa kijana wangu mkubwa. Tulimkomboa kwa mdomo, watu wakashuhudia, ng'ombe wakaenda. Ukaja ugomvi, mama yake akamchukua, wakakana kila kitu. Sikuwafuata. Mwaka huu nimekutana naye mnadani, msichana mkubwa, mrefu kama mama yangu. Akanipa njia. Akasema shikamoo mzee." Akarudia, kama mtu anayetema mchanga. "Mzee! Damu yangu ile. Nikaitika marahaba nikapita. Sasa na huyu atanijuaje?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho. Unajua hasira inavyoudhi ikinyang'anywa mtu wa kumkasirikia? Nikamtazama baba ili niikasirikie kwake, naye alikuwa anachuna ngozi ya kidole.

Mama yangu ndiye aliyetutoa hapo. Alikuja kutoka jikoni, akanipokonya daftari, akachana ule ukurasa. "Moto umenizimikia kwa sababu yenu," akasema, akaenda nao. Karatasi ile ndiyo iliyowasha kuni zilizopika wali na samaki wa Ziwa Rukwa tuliokula mchana ule, sote, pamoja na mpokeaji na mtoaji.

Na kwenye kula ndipo mambo yalipokaa sawa, maana mtu akiwa na tonge mkononi hawezi kushika fimbo. Mimi nilisema langu kwanza. Mtoto anabaki kwangu. Hilo silipunguzi. Lakini jina la ukoo wao atalibeba. Cheti cha kuzaliwa sijakichukua bado, na nitakapokwenda nitamtaja baba yake kama alivyo. Na wakati wa mavuno na sikukuu atakwenda Kibaoni na mimi mwenyewe nitampeleka, na atafundishwa nani ni babu kabla hajafundishwa kuhesabu.

"Atanijua," mzee akasema.

"Atakujua mpaka uchoke."

Basi mzee akafurahi, na mzee wa kwetu akifurahi anataka kutoa. Akamwambia baba, wale maksai wawili atawaacha kwenye zizi letu kwa kubilisa. Kubilisa ni mila yetu ya kumlaza ng'ombe wako kwa mwenzako: yeye anamtunza, analimia, anakamua kama ni jike, ila ng'ombe anabaki wako. Uso wa baba ukarudi mahali pake. Kisha mzee akafuta vidole akasema mtoto naye asitoke mikono mitupu. Kuna jaruba lake upande huu, bondeni, lile lililopakana na mfereji. Mama yake alilime, amlishie, na mtoto akikua ni lake.

Jamani, jaruba la mfereji! Lile halikauki hata mvua zikichelewa. Nilinawa mikono kwa haraka, nikachukua daftari.

"Ya nini?" mzee akauliza.

"Niandike."

"Aa, mayu." Akanicheka kwa upole. "Shamba haliandikwi. Hapa wote tumesikia. Mimi neno langu ni neno."

Nyie! Niliinuka mpaka maji ya kunawia yakamwagika.

"Mtoto mlitaka kwa maandishi," nikasema, "shamba mnataka kwa mdomo? Mtu ambaye haandikiki mkamletea kalamu, ardhi ambayo ndiyo ya kuandikwa mnaniambia tumesikia? Shamba lina mipaka, lina majirani, lina warithi! Neno lako zuri baba, sikatai, lakini ukifa leo..."

Baba akafumba macho. Mama akasema jina langu. Kwetu mzee humwambii ukifa, na hasa akiwa hajamaliza kutafuna samaki wake.

Ila neno lilishatoka, nikalimalizia. "Ukifa leo, wanao watakuja na neno lao. Nao watakuwa wanasema kweli kwa jinsi walivyosikia. Mimi nitawaonyesha nini? Sikio?"

Mtoto tu ndiye aliyekuwa anabwabwaja peke yake na punje za wali shavuni. Kisha mke wa mzee akaanza kucheka. Safari hii hakujifunika mdomo, alicheka mpaka akashika ubavu.

"Atakufa kweli!" akasema. "Si ndiyo? Kwani wewe hufi? Mwandike, binti, mwandike upesi kabla hajafa, na uandike huo mfereji upande gani, maana yeye akilewa huwa anausogeza."

Mzee akamtazama mkewe muda mrefu kwa uchungu wa mtu aliyeoa vibaya miaka yote hiyo na amegundua leo. Mwisho naye mabega yakaanza kucheza. "Andika basi," akasema. "Loo. Andika. Nimekutana na wanawake."

Maksai niliwaacha kwa mdomo. Kubilisa ina macho yake. Kila zizi kuanzia Majimoto mpaka Kibaoni linajua ng'ombe wa nani amelala kwa nani, na ng'ombe mwenyewe ukimfungulia anarudi kwao. Shamba halitembei. Mipaka yake ndiyo inayotembea, na hutembea wakati watu wamelala.

Niliandika ukurasa mmoja na nusu. Tukaenda nao kwa mtendaji, na wala hakugonga mhuri siku hiyo. Alisema mambo ya ardhi lazima yasikike kwenye halmashauri ya kijiji, wanawe mzee waitwe, na majirani wauzunguke mpaka wote kwa miguu. Mzee akalalamika njia nzima. Lakini siku ya kuuzunguka mpaka ilipofika alitangulia mbele na fimbo yake, juani, anapiga kila kona: hapa, na hapa, na huu mti wa mgunga, na wewe jirani jembe lako lilishaingia hapa mwaka juzi nilikuwa nakutazama tu.

Kijana wa pikipiki naye alikuja. Pikipiki ilikuwa imepona. Alileta biskuti kwa mtoto, na kwangu alileta aibu, akasimama nayo pembeni hajui aitue wapi. Sikumwonea huruma sana wala sikumtukana. Nilikuwa na kazi. Ulipofika wakati wa sahihi aliuliza yeye aweke wapi.

Nikamwonyesha kwa kalamu. "Hapa chini. Shahidi."

Mama yangu alilazimika kwenda nyuma ya watu kucheka.

Huu ni msimu wa pili nalilima jaruba lile. Baba nilimnunia mpaka mvua za kwanza, nikamsamehe siku aliyokuja na maksai wa kubilisa kunilimia kabla hajagusa shamba lake. Mimi nikampelekea chai ya maziwa, naye akainywa yote. Hasira sijaitupa. Nimeihifadhi kavu kama mbegu, maana naijua nchi hii, itakuja siku nyingine ya kupanda. Lakini siku nyingi siikumbuki. Nina mpunga.

Wiki hii tunavuna. Binti yangu, aliyekuwa na meno manne, sasa anayo ya kutosha kunijibu. Wakati wa kuamia ndege nilimpa kopo lenye mawe, na ndege waliondoka kweli, ila nadhani ni kwa kuchoka. Jana tulikuwa kwenye turubai tunapiga mpunga, mimi na mama, yeye akaona mtu kwa mbali anakuja juu ya ukingo wa mfereji na fimbo. Mimi sikuwa nimemwona.

"Babu!" akaita. "Babu! Babuu!"

Mzee akasimama. Akajifanya anakagua ukingo, akaupiga fimbo mara kadhaa, mahali pasipo na kasoro yoyote. Alipofika kwetu macho yalikuwa mekundu, akasema ni vumbi la mpunga. Akakaa chini, mtoto akampanda mgongoni, akamvua kofia, akaivaa.

Tulimpa maji. Akanywa. Akasema mavuno mazuri. Akasema nyumbani wazima. Kisha, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo, akauliza, "Ile karatasi bado unayo?"

"Ninayo, baba. Iko nyumbani, kwenye mfuko wa nailoni."

"Hebu tuma mtu ailete. Nisomee."

Hajui kusoma, na hii si mara ya kwanza kuniomba. Nilikwenda mwenyewe nikarudi nayo, nikanawa mikono, nikasimama kama kanuni inavyosema, nikamsomea kuanzia juu. Kwenye mipaka alikuwa ananyoosha fimbo kila upande unaotajwa, na mtoto, kofia imemfunika mpaka pua, ananyoosha kidole huko huko. Nilipofika mwisho sikuuliza kitu. Yeye ndiye aliyeitika, kwa sauti kubwa, wavunaji wa jaruba la pili wakageuka.

"Ndiyo."

"Ndiyo," mtoto akasema, chini ya kofia.